Soda ya Machungwa kwa Mke Aliyerudi

Fundi wa friji ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi alikuwa akiziba bomba lililotoboka pale teksi iliposimama mbele ya karakana yake. Binti yake wa pekee alishuka kwanza, akazunguka upande wa pili kumsaidia mtu kutoka. Baridi aliiona miguu ikiitafuta ardhi, myembamba kama mpini wa ufagio, akavitambua vidole kabla hajauona uso. Alikuwa mkewe, aliyeondoka nyumbani binti yao akiwa bado shule ya msingi, akaenda kuishi na mwenye mgahawa wa ng'ambo ya soko.

"Baba," binti alisema, "kule wamemtoa. Na kwangu unapajua, chumba kimoja na mashemeji wamejazana. Sina pa kumweka."

Baridi alizima moto wa kuchomelea, akajifuta mikono.

"Chumba cha nyuma nimekijaza vyuma. Ngojeni nivitoe."

Basi, hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yake.

Jina hilo la Baridi alipewa na wateja kwa sababu ya kazi, lakini likamganda kwa sababu ya sura. Walimtania kwamba friji ikigoma kabisa, aachwe aitazame tu, maji yatashika barafu. Hakuwa mtu wa maneno. Mkewe alipoondoka, marafiki walimshauri aende akavunje viti vya ule mgahawa. Hakwenda. Mwanzoni watu walimsifu kuwa ana subira, halafu wakaanza kusema hana damu mwilini. Hawakujua kwamba kwa muda mrefu baada ya hapo chakula cha jioni kilikuwa hakimpiti kooni, na kwamba alimlea binti yake akimsuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka jirani mmoja akamwonea huruma mtoto.

Sasa mkewe alikuwa na saratani ya koo. Hospitali ilikwisha mwambia binti kwamba dawa zimefika mwisho, amrudishe nyumbani. Mionzi ilikuwa imemwachia vidonda mdomo mzima. Uji ulimchoma, supu ilimchoma, hata mate yake mwenyewe alikuwa akiyatema kwenye kikopo badala ya kuyameza. Nesi aliyekuwa akipita nyumbani kumpa dawa ya maumivu alimwita Baridi ukumbini.

"Mpe kitu baridi chenye maziwa na sukari," alisema. "Mambo ya mlo kamili tuyaache sasa. Muulize mwenyewe anatamani nini, umpe."

Baridi alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Tangu mkewe aingie walikuwa wakizungumza kupitia kwa binti, kama watu wasiojua lugha moja.

"Unatamani nini?"

Mwanamke alimtazama kana kwamba swali lilikuwa na mtego.

"Soda ya machungwa," alisema kwa sauti iliyokauka. "Ile yenye aiskrimu ndani. Ya maziwa maziwa."

Jikoni Baridi alijua chai na mayai tu. Lakini alinunua machungwa, krimu, kopo la maziwa mazito na chupa za maji ya gesi, akayapanga mezani kama vipuri, akaanza. Alikamua machungwa, akachanganya na krimu na maziwa ya kopo, akaweka kwenye friza ya mteja iliyokuwa ikisubiri kuchukuliwa karakanani. Ilitoka ngumu kama tofali, imejaa sindano za barafu. Alipotia bonge lake kwenye glasi na kumimina maji ya gesi, povu lilifurika likatapakaa mezani. Alipangusa, akampelekea hivyo hivyo.

Mkewe alivuta funda moja. Macho yakamjaa maji papo hapo, mkono ukaisukuma glasi, ikaanguka chini ikavunjika.

"Inachoma," alisema akiwa ameshika shavu.

"Samahani."

"Hukujua."

Baridi alipiga magoti akaokota vigae kimoja kimoja, maana mkewe alitembea peku.

Nesi alipoelezwa alitikisa kichwa. Uchachu, alisema, ndio unaomtesa. Juisi aiweke kidogo mno, au aache kabisa. Harufu ya chungwa iko kwenye ganda. Kwa hiyo Baridi alichukua kikwaruzo cha karoti, akakwaruza ile rangi ya juu tu, bila kugusa nyama nyeupe iliyo chungu. Akapasha krimu na sukari moto mdogo, akatia maganda yake, akafunika mpaka ikapoa, akachuja. Akaipiga kwa uma hadi mkono ukafa ganzi, akachanganya maziwa ya kopo, akagandisha. Kila ilipoanza kushika aliitoa akaikoroga tena, na safari hii ikatoka laini, ya rangi ya jua la asubuhi. Maji ya gesi aliyamimina taratibu kupitia ubavu wa glasi iliyokwisha pozwa, akasubiri gesi ipungue kidogo ndipo akampelekea.

Mkewe alikunywa kwa kijiko. Akameza. Akachota tena. Baridi alikuwa amesimama dirishani akijifanya anaangalia bawaba.

"Nzuri," mkewe alisema. "Ila siyo yenyewe."

"Imepungua nini?"

"Sijui. Ile ilikuwa nzito tangu chini mpaka juu."

"Uliinywea wapi?"

Mwanamke aliweka kijiko. Alikuwa amechoka mno kutunga uongo.

"Kule. Alikuwa ananitengenezea mwenyewe tukishafunga mgahawa."

Baridi aliichukua glasi, akatoka nayo, akamwaga kilichobaki kwenye sinki. Kisha alienda karakanani akakaa juu ya sanduku la zana, asiguse kazi. Mteja aliyekuja kuulizia friji yake alijibiwa kwa kichwa tu.

Baada ya siku hiyo akawa anaweka maziwa matupu kwenye kiti kando ya mlango na kuondoka. Maziwa yalikaa mpaka yakashika utando. Mkewe hakudai kingine wala hakulalamika. Binti alipokuja kumwogesha mama yake alikuta midomo imepasuka.

"Baba, mama hajala."

"Maziwa nampelekea."

"Baba."

Ndipo Baridi akamweleza habari ya soda, akitazama sakafu. Binti alisikiliza huku akikamua kitambaa cha kuogeshea, akakikamua tena kikiwa kikavu tayari.

"Mimi ningekuwa wewe, ningemwachia njaa," alisema mwishowe. "Kwani aliniaga? Siku ile nilitoka shule nikakuta kabati limebaki na nguo zako na zangu. Mume wangu alitaka tuhamie chumba kikubwa ili mama aje kwetu, mimi ndiye niliyekataa. Nikamleta kwako kwa sababu najijua."

Kesho yake Baridi alivaa shati safi akaenda ng'ambo ya soko.

Mwenye mgahawa alikuwa nyuma ya kaunta akipanga vikombe. Alipomwona, alirudi hatua moja akashika ukingo wa meza. Alikuwa amezeeka kuliko Baridi alivyomfikiria, na shingo yake ilikuwa imelegea.

"Sitaki ugomvi," mwenye mgahawa alisema kwa sauti ya chini.

"Ile soda ya machungwa ya aiskrimu. Unaitengenezaje?"

Mwanamume yule alidhani hakusikia vizuri. Baridi alirudia. Basi akaeleza, huku macho yake yakikimbilia kwa wateja wawili waliokuwa wakinywa chai. Aiskrimu siyo ya kuelea juu tu. Unaanza na vijiko vyake viwili ndani ya glasi, chini kabisa, unavisaga na krimu mbichi kidogo na juisi ya machungwa mpaka viwe kama rojo, ndipo unamimina maji ya gesi ukikoroga. Bonge linakuja mwisho.

"Na chembe ya chumvi," aliongeza. "Anaendeleaje?"

"Anakufa. Nenda ukamwone. Mlango uko wazi."

Mwenye mgahawa alichukua kikombe kilichokwisha kaushwa akaanza kukikausha upya.

"Siwezi kumwona akiwa vile," alisema.

"Wewe ndiye uliyemtoa akiwa vile."

Baridi aliondoka. Siku hiyo hiyo akaitengeneza kama alivyoelekezwa, akiweka maji ya sukari yaliyochemshwa na maganda mahali pa juisi. Mkewe alipovuta funda la kwanza alifumba macho, na Baridi akajua amepatia. Alikunywa nusu glasi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aletwe.

"Umeenda kwake," alisema bila kufumbua macho.

"Nimeenda."

"Amesema nini?"

"Ameuliza hali yako."

"Atakuja?"

"Nimemwambia mlango uko wazi."

Hakuwa amedanganya, lakini mkewe alishika palipomfaa. Akamwomba binti amfunge kitambaa kipya kichwani. Akaomba kitanda kisogezwe ili aone mlango. Akawa anashtuka kila geti likilia, na geti la fundi halikauki watu: wenye friji mbovu, wauza vyuma chakavu, fundi wa umeme. Binti, siku alizokuja, alitoka nje akiuma midomo, asione mama yake anavyomngoja yule. Baridi alipeleka soda asubuhi na alasiri, na kila safari alikuta macho yametangulia kumtazama, kisha yanaona ni yeye, yanashuka.

Wiki ikapita. Asubuhi moja mwanamke akasema kitanda kirudishwe kilipokuwa. Baridi alikirudisha peke yake, na yeye mgonjwa akiwa juu yake, hakuwa mzito tena.

"Siku niliyoondoka," mkewe alisema, "ulikuwa pale mlangoni umechuchumaa, unafunga skrubu za friji ya mtu. Nilikupita na begi. Hukuinua kichwa."

"Nilikuona."

"Kwa nini hukuinua?"

"Niliogopa nitalia."

Mkewe alivuta pumzi kwa shida.

"Ungelia ningebaki," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli alipokuwa hana cha kupoteza, akaongeza, "Au nisingebaki. Sijui."

Mkewe alikunywa kijiko, cha pili kikamtoka pembeni ya mdomo, Baridi akampangusa. Alikufa kabla ya adhuhuri, nesi akiwa njiani, binti akiwa kazini, na Baridi akiwa jikoni anapiga krimu kwa uma. Aliporudi chumbani alikaa kwenye kiti na bakuli mapajani mpaka nesi alipobisha hodi.

Mwenye mgahawa alikuja baada ya mazishi, jioni, wakati viti vilipokuwa vinakunjwa. Majirani waliacha kukunja viti, wakisubiri kuona. Baridi alikunjua kiti kimoja akampa. Yule bwana alikaa akalia kwa kwikwi, mabega yakitikisika, na hakuna aliyemwendea.

"Ungekuja akiwa hai," Baridi alimwambia. "Alikungoja."

"Nilishindwa."

"Haya. Maji yale pale, ukitaka."

Wageni walipokwisha kuondoka, binti alimkuta baba yake kwenye karo akisugua masufuria.

"Watu wanasema una moyo wa pekee," binti alisema, akichukua kitambaa cha kufutia. "Hata nesi kasema."

"Hawajui." Baridi alisugua bila kugeuka. "Nilitaka anywe ya kwangu mpaka asahau ya yule. Nilikuwa nashindana, mwanangu. Na mtu anakufa."

Binti alipokea sufuria lililooshwa, akalifuta.

"Alikunywa lakini," binti akamwambia.

"Alikunywa."

Vyombo vilikuwa vingi, maana walikuja watu wengi kuliko walivyotarajia. Baba aliosha, binti akafuta, mpaka vikaisha.