Karatasi Niliyomwandikia Galgalo

Iko siku moja naikumbuka kila nikishika kalamu, mwanangu: siku niliyotia sahihi yangu chini ya neno la uongo huku nikitabasamu.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilizaliwa Idsowe, kwenye mpunga na migomba ya kando ya mto Tana, lakini wakati huo nilikuwa karani wa klabu moja ya gofu huko kusini mwa pwani. Kazi yangu ilikuwa kuweka daftari la viwango. Usichoke, nikueleze. Katika gofu kila mchezaji ana namba yake. Stadi ana namba ndogo, anayejikongoja ana namba kubwa, na mtu hajitangazii mwenyewe. Klabu ndiyo humwandikia, kwa kutazama anavyocheza. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Basi mimi ndiye niliyekuwa mwosha. Waheshimiwa walijisifu mezani, nami namba zao nilikuwa nazo.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Galgalo, mfanyabiashara wa ng'ombe, mzaliwa wa Bangale, kwenye nyika za Tana. Watu wa kwetu waliushangaa urafiki wetu, mkulima wa mtoni na mfugaji, maana wajua tunavyogombania maji na malisho kiangazi kikikaza. Lakini ugenini mtu wa Tana ni mtu wa Tana. Galgalo aliujia mchezo huo ukubwani, akaupenda kwa moyo wote, ingawa mikono yake haikumtii. Mpira wake ulikwenda kulia hata akiuelekeza kushoto.

Mwaka huo akaniambia, "Yona, twende Uskoti. Tukacheze kule mchezo ulikozaliwa. Nauli yako niachie mimi."

Tuliipanga safari hiyo kwa miezi mingi. Kila tulipokuja nyumbani tulikutana katika mkahawa mmoja wa mjini Garsen, tukatandaza ramani mezani na kuzizuia pembe zake kwa vikombe vya chai. Tulichagua viwanja vitatu vikongwe vya kando ya bahari, vile ambavyo wachezaji huvitaja kwa sauti ya chini kama watu walio kanisani. Mimi niliandika barua, nikaulizia vyumba, treni na majira ya mvua. Nakuambia kweli, kupanga kule kulikuwa na utamu ambao safari yenyewe haikuwa nao.

Kisha kiwanja cha kwanza kikajibu: karibuni, lakini kila mgeni alete hati ya klabu yake, na namba yake isizidi kumi na nane. Yangu, kwa kuwa nami nilicheza kila jioni baada ya kazi, ilikuwa kumi. Ya Galgalo ilikuwa thelathini na tatu.

Aliisoma barua mara mbili. Nikamwambia tuna miezi mitano, afanye mazoezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Miezi mitano yote nitakuwa minadani," akasema. "Daftari liko mkononi mwako, ndugu yangu. Ni namba tu. Nani ataumia?"

Nikatabasamu, nikamwandikia hati ya namba kumi na saba, nikatia sahihi yangu.

Tukafika. Upepo wa kule, mwanangu, hupuliza kana kwamba una hasira na mtu. Tulipewa kedi, yule anayembebea mchezaji fimbo na kumwelekeza njia, mzee wa miaka kama sabini. Aliisoma hati ya Galgalo, akaikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili. Kwenye shimo la tatu, kwa kuwa mipira ilikuwa ikipotelea kwenye majani marefu, mzee alitutangulia na kusimama upande wa kulia, auone mpira utakapotua. Galgalo akapiga. Mpira ukaenda kulia, chini chini, kama jiwe la kombeo, ukampiga mzee juu ya jicho. Nilimwona akipiga magoti polepole, kama anayetafuta kitu kwenye nyasi, kisha akalala.

Hakufa, namshukuru Mungu. Alishonwa, akalazwa. Lakini jioni ile mkuu wa makedi alikuja hotelini kwetu na, badala ya kutulaumu, akatuomba radhi. Alisema mzee amekosea pa kusimama. Kwa mchezaji wa namba kumi na saba, kedi mzoefu hujua mpira utakakopita. Macho yake yamechoka, akasema, na akitoka hospitali hatarudishwa kazini.

Alipoondoka, Galgalo hakunitazama. "Tukisema, viwanja viwili vilivyobaki tumevikosa," alisema. "Na kazi yako pia."

Nikanyamaza. Kesho yake tukaenda kiwanja cha pili, nikacheza. Nilicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Asubuhi ya siku ya tatu niliisukuma chai yangu kando. Nilimwacha Galgalo mezani, nikaenda hospitali peke yangu. Mzee alikuwa amekaa kitandani, jicho moja limefungwa. Aliponiona akaanza yeye kuomba msamaha kwa kutuharibia siku. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, "Baba, ile hati niliiandika mimi, na si ya kweli. Rafiki yangu namba yake ni thelathini na tatu."

Aligusa kitambaa kilichofunga jicho lake. Kisha akasema, "Nilisimama pale kwa kuiamini sahihi yako. Hilo nimekusamehe." Na baadaye kidogo, bila hasira yoyote, akaniuliza, "Jana ulikuwa wapi?"

Nikainuka, nikaichukua kofia yangu.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa makedi, nikaandika maelezo yote. Mzee akasafishwa jina, akaahidiwa kazi yake akipona. Sisi tulifungiwa kiwanja cha tatu, na barua ikatutangulia nyumbani. Klabu ikaniachisha kazi, na ilikuwa haki. Galgalo alibadilisha kiti ndani ya ndege asikae nami. Nikarudi Idsowe. Mama yangu alinipokea mzigo. Alinionyesha ngwe yangu ya kulima na jembe lilipo.

Karibu miaka miwili Galgalo hakunisemesha. Kisha mchana mmoja nikamwona anavuka tuta la shamba, viatu mkononi. Akakaa juu ya gunia, akanywa maji. "Yona," akasema, "nimefika ishirini na tisa."

"Ya kweli?"

"Ya kweli. Nimeinama sana."

Tulicheka mpaka mama akatoka kutazama kulikoni.

Sasa, mwanangu, nasikia wewe na wenzako mnapanga kwenda kucheza ng'ambo, na siku hizi mambo yote ni kwenye simu. Pangeni. Sikukatazi; mtu na aione dunia. Lakini wakikuuliza namba yako, andika ile uliyo nayo. Ikiwa haitoshi kwa kiwanja kikubwa, cheza kidogo, au baki ujifunze, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Na si katika gofu peke yake. Kila unapoandika neno kuhusu uwezo wako, iwe ni kazi, iwe ni ndoa, yupo mtu usiyemjua atakayesimama mahali kwa kuliamini neno hilo. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usiache siku moja ipite kabla hujasema. Kosa langu la kwanza nilisamehewa. Ile siku moja ya kunyamaza ndiyo ninayoibeba.

Nenda basi. Mungu wa baba zako akupe mkono mtulivu na ulimi mnyofu, akukutanishe na watu wema huko uendako, na akurudishe kwetu ukiwa huna mtu unayeogopa kumtazama usoni. Amina.