Majina Juu ya Madaftari ya Kaki

Jumatatu hiyo tulikuwa tunashona madaftari. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji cha ujamaa kisicho mbali na Mungaa, na madaftari ya serikali yalikuwa hayajafika tangu vita ya Kagera ianze, kwa kuwa malori yalikwenda kubeba askari. Basi watoto walileta kutoka majumbani mifuko ya kaki ya sukari na ya unga wa ngano. Tuliikung'uta, tukaikata kwa kisu na kuishona kwa uzi wa katani. Maboksi ya sabuni tuliyapaka makaa ya betri kuukuu yaliyotwangwa pamoja na majani ya maboga, yakawa vibao vya kuandikia. Nilijivuna, sifichi.

Kosa langu lilikuwa adabu. Kwetu hupokei kitu cha mtu ukanyamaza. Kwa hiyo juu ya kila daftari niliandika jina la mwenye nyumba aliyetoa mfuko, ili watoto wakikutana naye njiani wamshukuru. Jina lililojirudia zaidi lilikuwa la Mzee Njiku. Alitupatia mifuko kumi na minne, aliyoitunza tangu harusi ya mwanawe Mughenyi, ambaye sasa alikuwa vitani.

"Chukua, Mwalimu," aliniambia. "Humu ndani inakaliwa na mende tu. Watoto wasome."

Wiki hiyohiyo mgambo walianza kusaka walanguzi. Sukari ilikuwa imeadimika, na aliyedhaniwa kuificha aliitwa msaliti.

Walifika saa nne asubuhi, tukiwa kwenye hesabu. Walikuwa watano, wawili wana bunduki.

Watoto walisimama wakaamkia. Hawakuitikiwa.

Kamanda wao alichukua daftari moja, akaligeuza, akasoma maandishi ya kiwanda cha sukari. Akachukua la pili.

"Njiku," alisoma. "Njiku. Njiku. Mtu mmoja kala sukari yote hii?"

"Ni mifuko mitupu ya zamani," nilisema. "Majina nimeandika mimi, ya kushukuru."

"Vijana wako mstari wa mbele, Mwalimu. Wewe unamshukuru mlanguzi?"

Mtutu wa bunduki ulikuwa usawa wa kichwa cha mtoto wa dawati la kwanza.

Nikanyamaza.

Walimkuta Mzee Njiku akipalilia uwele. Walipekua nyumba yake, hawakupata hata chembe ya sukari, wakasema basi kashaihamisha. Wakampiga kwa vitako vya bunduki mbele ya mkwewe, mke wa Mughenyi, jambo ambalo kwetu aibu yake inazidi maumivu. Kisha wakamfungia siku sita katika ghala la kijiji.

Nilikwenda kwa katibu wa kijiji kueleza. Aliniambia nirudi darasani, nchi iko vitani. Mpaka leo nikisikia vita ikifanywa kisingizio cha ukatili, damu inanichemka. Adui alikuwa mbali, kule ng'ambo ya Ziwa. Waliomvunja mbavu mzee yule walikuwa majirani, watu aliokuwa akiwaazima ng'ombe wake wa kulimia.

Alitoka akikohoa damu. Hakufika mavuno.

Mughenyi alirudi mzima. Kijiji kilimpokea kwa ngoma, na kamanda yuleyule alikuwa mbele akiimba. Siku ya tatu Mughenyi alikuja shuleni, bado amevaa buti za jeshi. Nilimweleza kila kitu, na kunyamaza kwangu pia.

"Ulijua kwamba baba hakuficha kitu?" aliuliza.

"Nilijua."

"Na wao?"

"Walijua walipoona nyumba haina kitu. Wakampiga hivyohivyo."

Aliinama akakaza kamba za buti.

"Kule mbele, Mwalimu, waliokuwa wakitupiga risasi sikuwajua. Hawa nimecheza nao."

Akaondoka bila kuaga. Hakuna aliyemwomba radhi, wala siku ile wala baadaye. Jioni ya siku hiyo nilipokwenda kisimani kuteka maji nilimkuta Mughenyi akipeana mkono na kamanda. Kisima cha kijiji kilikuwa kimoja, na mke wa Mughenyi alikuwa na ndoo mbili za kujaza.