Mizani Iliyosoma Sifuri

Sina elimu ya kutunga. Niliishia darasa la saba, biashara nikajifunza kwa kubeba mizigo ya watu. Haya ninayokusimulia yalinitokea mimi mwenyewe, na kama ningekuwa mtu wa kuongeza chumvi ningeanza na kitu cha kutisha kuliko karatasi.

Nafunga mizigo ya Watanzania hapa Guangzhou. Mikubwa inateremka bandari ya Nansha kupanda meli. Ya haraka inakwenda kwa ndege, na ya ndege hulipiwa kwa kilo. Sasa sisi wafungaji tuna mtindo wetu: kabla ya kupima tunavua maboksi, tunatoa vitabu vya maelekezo na makaratasi yote, tunatupa guniani. Mteja anataka kitu, karatasi ya nini? Nilikuwa nasifiwa kwa wepesi wa mizigo yangu.

Mdogo wangu Rajabu alikuwa fundi wa ndege ndogo nyumbani. Kampuni yao ilikuwa na ndege tatu na vifaa vya kuokoteza. Akaniomba spana ya kupimia mkazo, ile ambayo nati ikifika kiwango chake inalia tak, usije ukakaza mno au ukalegeza. Nikamnunulia, nikamtumia. Akanipigia simu.

"Kaka, spana nimeipata. Cheti chake cha kupimwa kiko wapi? Nitajuaje kama inasema kweli?"

"Rajabu, karatasi inakaza nati?"

Tukacheka wote wawili.

Miezi minne baadaye alipanda ndege aliyoitengeneza mwenyewe, wakaenda na rubani kuijaribu. Haikurudi. Sisemi ni spana yangu. Waliochunguza hawakuniambia kitu, nami sikuthubutu kuuliza. Nakwambia tu nilichokifanya.

Mwaka jana Salome, fundi aliyefundishwa kazi na Rajabu, akaagiza spana kama ile. Ndege yao ilikuwa imesimama, abiria wanasubiri, mzigo uondoke siku hiyo hiyo. Nikanunua, nikaja nayo stoo. Na mkono wangu, niamini, mkono huu huu, ukavua boksi na kutupa makaratasi guniani. Mazoea yana nguvu kuliko msiba.

Watu hudhani wafu hutembea usiku tu. Huyu alikuja saa tisa alasiri, taa zinawaka, nje mvua kubwa. Nilikuwa nimeinama navuta selotepu.

"Shikamoo, kaka."

Sikuinua kichwa, wala sikuitikia. Wateja huingia na kutoka siku nzima. Kisha nikasikia gunia linapekuliwa.

"Kaka, hii ni ya spana?"

"Iache hiyo, ndugu yangu. Inaongeza uzito."

"Ina uzito gani? Hebu tuipime."

Nikageuka nimfukuze. Alikuwa amenipa mgongo, kavaa ovaroli ya buluu, kavu kabisa, na mvua yote ile! Karatasi mkononi, akapanda juu ya mizani ya sakafuni tunayopimia marobota. Miguu yote miwili. Namba hazikutikisika. Sifuri.

"Umeona?" akasema, akacheka. "Haina hata gramu."

Nani asiyekijua kicheko cha mdogo wake? Harufu ya mafuta ya ndege ilijaa stoo nzima. Hapo akaingia Ling, dada wa Kichina ninayefunga naye mizigo, ambaye Kiswahili chake amekiokota kwa wateja.

"Bosi, wewe ongea na nani?"

"Huyo hapo! Juu ya mizani!"

"Juu ya mizani karatasi. Wewe leo kula? Hapana kula, ndiyo maana."

Akapanda mwenyewe kuiokota. Mizani ikasoma kilo zake hamsini na mbili, naye akaziba namba kwa mkono, lakini nilishaona. Haikuwa mbovu.

Nikarudisha kila karatasi kwenye boksi lake kama zilivyotoka dukani, nikafunga, mzigo ukaondoka.

Siku ya nne Salome akapiga simu. "Shikamoo, kaka. Cheti ulicholeta ni cha spana nyingine. Namba ya kwenye karatasi na iliyochongwa kwenye chuma hazifanani. Siigusi."

"Na ndege?"

"Ipo chini. Bosi amenuna tangu jana. Anune! Nitaazima ya hangari ya jirani, ile yenye cheti chake."

Jirani wakaipima pia ile yangu. Ililia tak wakati nati bado imelegea.

Na ile ya Rajabu je? Namba zake zilifanana? Sitajua mpaka nazikwa, kwa sababu jibu nililitupa mwenyewe.

Mtindo ule nimeuacha. Wateja wengine wamenihama, na waende. Nawe unayefunga, unayetuma, unayenunua kifaa ambacho roho za watu zitategemea nati yake, nakuonya: karatasi yake usiitupe, na kisicho na karatasi usikipokee. Usingoje kuoneshwa kama nilivyooneshwa mimi.

Kila asubuhi mimi huwasha mizani kabla Ling hajafika. Namba huchezacheza, kisha hutulia kwenye sifuri. Hapo ndipo ninapomwitikia: "Marahaba, mdogo wangu."