Serikali ya Barazani kwa Bibi

Juzi nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, hapa kwetu Mtawanya, kugongewa muhuri. Feni inazunguka, viti vya plastiki vimepangwa, mtendaji mpole. Nilihudumiwa upesi, na bado nikatoka naona kuna kitu kimepungua. Enzi za utoto wangu, ndugu yangu, serikali ilinukia muhogo mbichi.

Bibi yangu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Waliogombana walikuja barazani kwetu wamevimba kwa hasira, naye hakuwasikiliza. Aliwakalisha mkeka mmoja, akawawekea kapu la muhogo na kisu kimoja tu, wapokezane. "Menyeni nhogo kwanza, domo baadaye," alisema kwa lafudhi yake ya Kimakonde, kisha akaendelea kutwanga kisamvu kana kwamba hawapo. Kapu likifika nusu, mara nyingi walikuwa wameshaanza kutaniana. Sisi watoto tulizipenda sana kesi, maana siku hiyo tulishiba.

Aliyetucheka kwa ulafi wetu ni jirani, shoga wa bibi tangu usichana wao. Nyua zetu zilitenganishwa na safu ya mibono tu, na kila jioni mmoja alivuka kuomba chumvi, hata kama anayo.

Kisha habari za gesi zikavuma, viwanja vikapanda bei, wapimaji wakaja. Jiwe la mpaka likasimikwa ndani ya ua wetu, na jiko la bibi likaangukia upande wa jirani. Jirani akasema karatasi ndivyo inavyosema. Bibi akakataa. Kesi ikaenda baraza la kata, jirani akashinda, jiko likavunjwa.

Nusu ya mtaa ilikuwa imepatanishwa na bibi, lakini hakuna aliyethubutu kumwita yeye, mjumbe mwenyewe, aje akae mkekani na jirani. Waliona haya. Haya ya kijinga, inanichoma hadi leo!

Wakaishi ukuta kwa ukuta bila salamu, mpaka bibi akafariki, korosho zikiwa bado maua. Siku ya msiba jirani aliingia ndani, akapenya katikati ya wanawake, akakaa karibu yangu. Baraza lile sasa limegeuzwa duka, na shoga za namna ile sizioni tena, lakini sauti ya jirani yule naisikia bado.

"Mjukuu wangu, aliniachia neno?"

Nilitamani kumdanganya, ulimi ukagoma. "Hapana, bibi."

"Hata mie sikumpelekea," akasema, akajifunika kanga usoni.