Fainali ya Biyari Nyuma ya Pazia

Mama mkwe wangu alianguka kutoka juu ya kichuguu. Upande wa kwao, ng'ambo ya mto Lufira, kichuguu kimoja kinaweza kuwa na ukubwa wa nyumba, na udongo wake ni mzuri kwa maboga. Alikuwa amepanda yake huko juu, akafuata boga moja lililokomaa ukingoni. Boga lilifika chini la kwanza, yeye wa pili. Mke wangu akaenda kumchukua, akamleta kwetu Likasi, mguu umefungwa plasta hadi gotini, akamweka kwenye kanape ya sebuleni. Daktari alisema wiki sita.

Shida ilikuwa yangu. Nyumba yetu ya mtaa wa Shituru ni moja ya zile zilizojengwa na kampuni ya migodi: sebule ndogo, mlango mmoja wa mbele, mmoja wa jikoni. Na kwa desturi yetu mwanamume haketi chumba kimoja na mama wa mkewe, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa nilikuwa nimeona kitambaa chake cha kichwa mara nyingi, uso, hapana. Basi nikahamia barazani. Nilisahihisha madaftari ya hesabu ya wanafunzi wangu barazani, nikala bukali, ugali wetu, barazani, na kulala niliingilia jikoni nikinyata kama mwizi mwenyeji. Kati yangu na mama mkwe kulikuwa na dirisha, na dirishani pazia.

Siku ya tatu telekomandi ya televisheni ilitumbukia katika sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mke wangu aliigundua wakati wa kupakua. Dekoda yetu haina kitufe hata kimoja, kwa hiyo ilibaki palepale ilipokuwa: chaneli ya michezo, kwa Kifaransa. Na siku zile chaneli hiyo ilionyesha kitu kimoja tu, mashindano ya snuka ya wachezaji wa kulipwa, huko Ulaya.

Biyari tunaijua. Likasi kila mtaa una meza yake chini ya turubai, na kelele zake. Lakini hii ilikuwa biyari ya namna nyingine: meza pana kama shamba, wachezaji wamevaa vizibao na tai za kipepeo, na ukumbi mzima kimya.

"Nani alikufa?" mama mkwe alimwuliza mke wangu. "Bantu bengi vile, na hakuna hata mumoja analia?"

"Haiko kilio, Mama. Ni muchezo."

"Na ule wa gan nyeupe mu mikono, ni munganga?"

"Ni arbitri, Mama."

Huyo mwamuzi mwenye glavu nyeupe ndiye aliyemuudhi. Mpira mwekundu ukiingia shimoni, hautoki tena. Lakini wa rangi nyingine ukiingia, mwamuzi anautoa na kuurudisha mezani. "Mutoto wa bantu anatumika, anaingiza, na ule anatosha! Ju ya nini?"

Mtangazaji alikuwa ameeleza, nami nilimsikia vizuri kutoka barazani. Nikamwita mke wangu. "Ambia Mama, nyekundu zikiisha, njo zile zingine zitabakia mu shimo." Mke wangu akaingia, akasema, akatoka na swali jingine. Nikajibu. Akaingia tena. Siku ya nne aliweka mikono kiunoni.

"Baba ya batoto, weye unasikia Kifaransa lakini hauone. Mama anaona lakini hasikie. Minye siyo telefone." Akachukua kitabu chake cha nyimbo, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Nikarudia madaftari yangu. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe:

"Weye rido."

Alikuwa anasema na pazia.

"Rido, uliza ule muntu wa inje. Kijana wangu wa kizibao ya kijani iko na ngapi?"

Nilikohoa kwanza. "Rido," nikasema, "ambia Mama, iko na makumi tano na mbili. Akiingiza mweusi ataongeza saba."

"Rido, sema aksanti."

Desturi haikuguswa. Hakuna aliyesema na mwenziwe. Sote tulisema na kitambaa chenye maua ya njano. Kufikia nusu fainali lile pazia lilijua snuka kuliko mtu yeyote katika Shituru. Jirani aliyepita akanikuta nikizungumza na dirisha, akanisalimia, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuhakikisha ni mimi.

Kijana wa kizibao cha kijani alikuwa amechaguliwa kwa sababu ya wembamba wake. "Haiko anakula vizuri," alisema mama mkwe, na kila aliposhinda alifurahi kana kwamba amepewa sahani. Jumapili jioni akawa fainalini. Bingwa ni yule atakayeshinda fremu kumi, yaani raundi kumi. Yeye na mpinzani wake walifika tisa kwa tisa, na katika fremu ya mwisho ukabaki mezani mpira mweusi peke yake: atakayeuingiza ndiye bingwa. Kijana akainama, akafumba jicho moja. Kuran, yaani umeme, ikakatika.

Mama mkwe alitamka neno ambalo halimo katika kitabu cha nyimbo.

Jumatatu shuleni niliangalia matokeo kwenye simu ya mwenzangu. Kijana aliukosa ule mweusi. Alishindwa, kumi kwa tisa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sijawahi kumpunguzia wala kumwongezea mwanafunzi alama. Lakini nilipofika barazani, kabla sijaketi, pazia liliulizwa, "Rido, alishinda?" na ile sauti ilikuwa na tumaini mno.

"Rido, ambia Mama, alishinda. Kumi kwa tisa."

Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Jogoo wetu akachinjwa. Nililetewa paja barazani, nikalila nimelipa dirisha mgongo.

Jumatano nilirudi kazini nikakuta televisheni inaonyesha marudio.

"Rido, banacheza tena! Tisa kwa tisa!"

Sikuwa na la kufanya. Kijana akainama, akafumba jicho, akakosa.

"Rido," nikasema haraka, "ambia Mama, hii ni match retour, ya marudiano."

"Aah. Aller na retour. Basi, kila mumoja iko na yake. Batacheza ya tatu, ya kukata."

Ijumaa wakaonyesha tena. Akakosa tena.

"Banamuloga," ilisema sauti ya mama mkwe. "Rido, ambia mukwe, kuanza kesho nafunga siku tatu. Naomba."

Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, alinijia barazani. "Mama yangu iko na mufupa ya kuvunjika, na weye utamunyima chakula ju ya uongo yako? Semaka!"

Nikasema. Niliinamia pazia, nikaungama tangu Jumatatu hadi siku ile, bila kuruka kitu.

"Rido, ambia ule mwalimu: kuko mama mumoja wa kofia nyekundu, mustari wa pili. Jumapili alikohoa, akapangusa mulomo na mukono ya kushoto. Jumatano akakohoa pahali palepale, na mukono ileile. Match mbili haiwezi kuwa na kikohozi moja."

"Mama, ulijua tangu Jumatano?" Nilisahau kumtaja rido.

"Nilijua."

"Na kufunga?"

"Nilisema naomba. Sikusema ju ya nani. Weye njo nilitaka kuombea."

Akacheka, akanyoosha gongo lake la kutembelea ili avute pazia. Pazia likaanguka lote, pamoja na fimbo iliyolishikilia, likanifunika kichwa. Nilipojitoa, tulikuwa tunatazamana. Alikuwa na mwanya mkubwa wa meno, na hakuwa mzee hata nusu ya nilivyodhani. Naye alinikagua polepole, kutoka nywele hadi kidevu.

"Nilizani uko murefu," akasema.