Kisanduku cha Alipozikwa

Wasomaji wangu, wiki hii nimechelewa mazishi, na nimerudi nyumbani na hasira nisiyojua niipeleke wapi. Mwanamke aliyekuwa akiendesha tovuti ya chama kimoja cha wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita amefariki dunia. Taarifa niliisoma kwenye tovuti hiyo hiyo aliyoijenga. Iliwekwa chini ya neno Habari, kati ya ziara ya wageni na bonanza la mpira. Ilisema chama kimepoteza mtumishi mchapakazi, ikaeleza jinsi mwenyekiti alivyoguswa, na picha iliyowekwa ilikuwa ya mwenyekiti. Msiba uko wapi, atazikwa wapi na lini, haikusema. Simu yake iliita bila kupokelewa, ya ofisini vivyo hivyo, na kwa ndugu zake sikuwa na namba ya hata mmoja. Kwa kuwa nyumba yake ilikuwa Kalangalala, pale Geita mjini, na kazi yake yote ilikuwa huko, nilipanda basi la alfajiri kutoka Shinyanga nikaenda Geita. Nikakuta geti limefungwa. Jirani aliyekuwa anafua nje akanipa pole, kisha akanishangaa. "Kwani hukuambiwa? Mwili wameupeleka Shinyanga tangu jana. Wanazika leo mchana, Ibadakuli." Kutoka kwangu hadi Ibadakuli, ndugu msomaji, ni mwendo wa bodaboda. Niligeuza safari, na nilipofika walikuwa wamebaki akina mama wakiosha masufuria.

Nilimfahamu kwanza kwa kugombezwa. Nilikwenda ofisini kwao kuandika habari za bei ya dhahabu, nikamkuta anatafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, macho yakiwa kwenye kompyuta. Hakunikaribisha kiti. "Wewe ndiye yule wa safu isiyotaja mtu?" Nikakiri kwamba ndimi. "Sasa mtu akimtafuta ndugu yake kwenye maandishi yako atampata vipi?" Nilicheka nikidhani ananitania. Alikuwa mtu mgumu, msomi aliyejua kwamba ni msomi, asiye na subira na mtu anayezungusha maneno, na wenzake ofisini walimkwepa kama mkaguzi. Mimi nilimpenda, labda kwa sababu sikulazimika kufanya naye kazi.

Safari nyingine nilikuwa nimekaa hapo ofisini akaingia mzee mfugaji kutoka vijiji vya Shinyanga, fimbo mkononi na vumbi hadi magotini. Alipoamkiwa shikamoo aliitikia marahaba, akamwita rafiki yangu mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama wa kuheshimiwa, akasema anamtafuta kijana wake. Alikuwa amezunguka Katoro yote, mji wa wachimbaji, akiulizia jina la mwanawe, na hakuna aliyelijua. Anayezijua sehemu zile hatashangaa. Mtu akifika machimboni, jina alilopewa na wazazi huliacha stendi. Kwenye duara, yaani shimo lile la kuchimbia, utamkuta Kobe, utamkuta Bila Presha, utamkuta Shemeji, na wanaolala nao chumba kimoja hawajui zaidi ya hapo.

"Ana alama gani, baba?" rafiki yangu akauliza.

"Kidole hiki hana, mayu. Kilikatwa na plau akiwa mdogo."

Alimpigia simu msimamizi mmoja wa duara, akaiweka sauti ya nje kabla ya kujua atakachosikia. Nadhani hilo lilimuuma hadi mwisho wa maisha yake. Sauti ikasema, "Asiye na kidole? Huyo si Injinia? Alifukiwa na kifusi kipindi cha mvua. Tulichanga, tukamzika wenyewe." Rafiki yangu akatafuta kwenye tovuti na akaikuta: Mchimbaji Afariki kwa Kufukiwa na Kifusi. Ilikuwa chini ya Habari, haina jina lolote, si la nyumbani wala la machimboni, na picha ilikuwa ya mwenyekiti akitoa rambirambi. Mzee aliomba asomewe. Akasomewa yote, maana yalikuwa mafupi.

"Kwa hiyo hapa mlijua," mzee akasema.

"Tulijua kuna mtu amekufa, baba. Hatukujua ni nani."

"Mimi nilijua ni nani. Sikujua amekufa." Akaegemea fimbo yake. "Ng'ombe zake za kuolea bado nazichunga."

Hadi siku ile, kila kitu kwenye tovuti ya chama kilikuwa cha aina moja. Bei ya dhahabu ilikuwa Habari, mgeni akija ni Habari, onyo la mvua ni Habari, na mtu akifa naye ni Habari, anashuka chini kadiri mapya yanavyowekwa juu hadi hakuna anayemwona. Rafiki yangu alikwenda kwenye kikao cha viongozi akitaka maudhui yagawanywe: habari peke yake, tangazo peke yake, tahadhari peke yake, na tanzia peke yake. Nilialikwa kama mwandishi, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu. Mwenyekiti alisema watu wanaingia kwenye tovuti kuona maendeleo, na huyu mama anataka kuwaonyesha makaburi. "Makaburi yapo, mwenyekiti," rafiki yangu alijibu. "Mimi naomba tu yawe na anwani." Mweka hazina akauliza wafadhili watawaonaje wakisoma kwamba chama kimempoteza Bila Presha, na watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisubiri wamalize, kisha akasema kwamba baba yake Bila Presha akija ofisini atampeleka kwa mweka hazina ili akachekeshwe. Aina zake zilipita siku hiyo, kwa shingo upande, kwa sababu wasimamizi wa maduara walisimama upande wake. Ndio wanaozika.

Tanzia ile aliijenga kwa visanduku vya kujaza: jina la nyumbani, jina la machimboni, kijiji alikotoka, duara alilofanyia kazi, alipozikwa, na anayelijua kaburi. Viwili vya mwisho aliviwekea nyota nyekundu, maana yake mfumo haukubali kuchapisha vikiwa vitupu. Basi mtu akifa, simu za wasimamizi zilikuwa zinaita kutwa nzima: kazikwa wapi, nani analijua kaburi, usiniambie kule porini, niambie porini wapi. Wachimbaji wakambatiza Mama Nyota. Alijifanya limemkera, lakini nilimsikia mara moja akilitumia kwenye simu, tena kwa madaha. Na watu walikuja kweli. Walikuja akina mama kutoka vijijini na wajukuu wenye simu, wakatafuta jina la kijiji chao, wakapata, wakalia, wakapelekwa kaburini na mtu aliyeandikwa.

Nilikuwa nadhani hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kuamua aina za maudhui ni kuamua ni mambo gani ofisi inakubali kwamba hutokea kwake, na yakitokea italazimika kujibu maswali gani. Ofisi nyingi katika nchi hii, ukizifungua kwenye simu yako, utaona hutokea jambo moja tu, nalo ni kiongozi kufungua kitu. Hakuna anayekufa wala anayepotea, na hakuna duara linalotitia. Sidhani kwamba ni uongo wa makusudi. Hakuna aliyeviandalia vitu hivyo mahali, na kisicho na mahali huishia kubanwa pembeni ya picha ya mkubwa.

Kisha akaugua saratani. Akawa wa kwenda hospitali na kurudi, na huku nyuma chama kikaleta wataalamu kutoka mjini waipendezeshe tovuti. Ikapendeza kweli. Aina zote zikarudishwa kuwa moja, Habari, kwa kuwa ndivyo ukurasa wa mbele ulivyokaa vizuri. Maelezo ya zile tanzia yalihamishwa, lakini visanduku havikuhamishwa. Majina ya machimboni yakafutika, na walipozikwa pakafutika. Alinipigia akiwa kitandani, sauti imekwisha. "Wameviondoa visanduku. Sasa watu wakija watasomewa nini?" Nilimwambia apumzike. Akasema akipata nafuu atavirudisha, na nafuu haikuja.

Pale Ibadakuli mdogo wake alinipeleka kwenye udongo mbichi. Jua likiwa linashuka likaingia gari lililojaa wachimbaji kutoka Katoro, wanaume wazima, nguo bado zina tope la duara. Nao walisoma ile habari, na nao walikuwa wametokea Kalangalala kwenye geti lililofungwa. Mmoja alikaa chini akalia kwa sauti. "Mama Nyota mwenyewe," alikuwa anasema, "Mama Nyota mwenyewe jamani, tunamtafuta hivi?"

Kama una ofisi, na ofisi yako ina tovuti, kaa na wenzako mjiulize ni mambo gani hutokea kwenu, hasa yale msiyopenda kuyapiga picha. Kila moja lipeni mahali pake na maswali yake, na maswali mengine yawekeeni nyota. Fanyeni hivyo mkiwa wazima, kwa sababu siku tanzia itakapokuwa yenu hamtakuwa na nafasi ya kuomba.

Safu hii haitaji watu, na familia yake imeniomba niendelee hivyo. Jina la nyumbani wanalo wao. Yaliyobaki nayajaza mimi. Jina la machimboni: Mama Nyota. Alipozikwa: Ibadakuli, Shinyanga, nyumbani kwa kaka yake, nyuma ya zizi, kaburi linalotazama shamba la pamba. Anayelijua kaburi: mimi.