Walilipia Nyota, Si Pambano

Jumapili mchana, mwenye ukumbi wa video pale mtaani Rhonda alitutoza shilingi hamsini badala ya ishirini kuona pambano la ngumi na mateke kutoka Amerika.

"Leo ni staa mwenyewe, mzee," aliniambia mlangoni.

Raundi ya pili, staa akaangushwa, akalala kimya. Vijana wakasimama wakipiga kelele: "Rudisha pesa! Tulikuja kumwona akipiga, si akipigwa!"

Mwenye ukumbi, akihofia viti vyake kuvunjwa, alizima televisheni huku refa akimwinua mshindi mkono.

"Na huyu aliyeshinda ni nani?" nilimuuliza.

"Mzee, huyo nani angelipa kumwona?"

Nilitoka nikichemka. Mtu amemwangusha bingwa mbele yetu, na hata jina lake hatukungoja kulisikia.